Nilivyoupata upinde wa mvua ziwani baada ya kuukosa misimu miwili

Mimi hupiga picha za harusi na kipaimara hapa Mwanza. Kwa misimu miwili nilitaka picha moja tu isiyo na bwana harusi: upinde wa mvua juu ya ziwa. Kila jioni mvua ikikatika nakimbilia mwaloni, nakuta ziwa tupu. Nikabaki kulaumu bahati.

Kumbe jioni jua linakuwa upande wa ziwa, na upinde haukai upande wa jua hata siku moja. Lazima ulipe jua kisogo, mvua iwe mbele yako. Mwanga huingia kwenye tone ukapinda, ukagonga ukuta wa nyuma na kurudi, halafu ukapinda tena wakati wa kutoka. Rangi hazipindi sawasawa, ndiyo maana zinaachana: nyekundu hukaa nyuzi 42 hivi kutoka kivuli cha kichwa chako, zambarau kama 40.

Kivuli ndicho kilichonifumbua macho. Ndicho kitovu cha duara lenyewe, kwa hiyo jirani yako anatazama upinde wake, si wako. Jua likipanda kupita nyuzi 42 juu ya upeo, duara lote linazama chini ya upeo. Siku hizi kivuli changu kikiwa kifupi kuliko mimi, nakaa nanywa chai. Novemba hapa kwetu ni kuanzia kama saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Na kwa kuwa jioni jua liko upande wa ziwa, upinde wa ziwani ni wa asubuhi.

Jumanne moja, saa moja na nusu, jua lilikuwa mgongoni na mvua bado inatembea ziwani. Nikanyoosha mkono, nikapima shubiri mbili kutoka kivuli cha kichwa (shubiri moja ni nyuzi 20 hivi). Ulikuwa palepale! Na juu yake wa pili, hafifu, rangi zimegeuzwa.

Nikaweka jicho kwenye kamera: hakuna kitu. Nilikuwa nimefunga kile kioo cha mbele ya lenzi tunachozungusha kuua mng'ao wa maji, na mwanga wa upinde una tabia ileile ya mng'ao huo. Nikakizungusha robo duara, ukarudi umekolea kuliko nilivyouona kwa macho.

Ila lenzi yangu ya milimita 24 ilikata miguu yote miwili ya upinde. Nimeazima ya 16, inayoona upana zaidi.