Nilivyoisoma sarafu ya dhahabu ya Salzburg ya mwaka 1628

Rafiki yangu anayekusanya sarafu za kale alipoleta picha za kipande kikubwa cha dhahabu na kuniomba nimsomee maandishi yake, niliamini kwamba Kilatini nilichofundishwa seminari ndogo kingetosha kwa jioni moja. Ilinichukua majuma mawili.

Kilichonikwamisha ni maneno A PARIDE. Nililidhania la pili kuwa jina la mahali, nikahangaika na ramani, hadi nilipokumbuka kwamba baada ya A, yaani "na" ya mtendaji, jina hubadilika mwisho wake. Kumbe aliyetajwa ni Paris von Lodron, Askofu Mkuu wa Salzburg, mji ulio Austria ya leo, tangu 1619 hadi 1653, ambaye, kama maaskofu wengi wa Dola Takatifu la Kiroma, alikuwa mchungaji wa jimbo na pia mtawala wa nchi mwenye haki ya kutoa sarafu zake mwenyewe. Tangu hapo nilinakili herufi moja moja, nikaigeuza kila V iliyokaa mahali pa irabu kuwa U, na kila neno lililokatwa nikalirefusha kabla ya kulitafsiri. Hivyo ndivyo ECCLES METROP SALISB ilivyonifungukia: Kanisa Kuu la Salzburg, lililotabarukiwa tarehe 25 Septemba 1628, wakati Vita vya Miaka Thelathini vikiendelea kuunguza nchi za Wajerumani.

Thamani ya sarafu hiyo haikuandikwa popote, na mihuri ya kugongea iliyotumika kwa dhahabu ilitumika pia kwa taleri, sarafu kubwa za fedha, kwa hiyo nilimwomba rafiki yangu aipime. Mizani ilionyesha karibu gramu 35. Dukati moja, sarafu ya dhahabu ya zama hizo, ina takriban gramu 3.49, basi hicho kilikuwa kipande cha dukati kumi, kizito kuliko taleri ingawa ni chembamba zaidi, kwa sababu dhahabu inakaribia kuwa na uzito maradufu ya fedha ya ujazo uleule.

Picha zilikuwa rahisi baada ya hapo. Upande mmoja Watakatifu Rupert na Virgil, wasimamizi wa Salzburg, wameshika kanisa mikononi. Upande wa pili maaskofu wamebeba mabegani sanduku la masalia ya watakatifu. Lililonigusa mno ni vitenzi vyenyewe, DEDICATVR na TRANSFERVNTVR, ambavyo havisemi yaliyopita: kanisa linatabarukiwa, watakatifu wanahamishwa.