Ukisema "punguza", kinyozi anasikia nini?

Leo nimekaa na neno moja tu: punguza. Nadhani ndilo linalotamkwa zaidi kwenye kiti cha kinyozi, na ndilo linalowatoa watu pale na nyuso wasizozitarajia. Halina kipimo wala mahali. Punguza urefu wa ndevu? Upana? Au eneo lenyewe? Kinyozi mwenye foleni ya Jumamosi jioni atajiamulia, na mashine ikishapita hakuna cha kujadili.

Ajabu ni kwamba uso tumeshaugawa kwa majina siku nyingi. Masharubu kila mtu anayajua. Sharafa ni ndevu zinazoshuka kutoka kando ya masikio hadi mashavuni. Mzuzu ni za kidevuni peke yake, zile wenye utani huzifananisha na za beberu. Kinachoitwa "O" ni masharubu yaliyoshuka pembeni mwa mdomo yakakutana na mzuzu, mashavu yakabaki matupu. Vijana wengi wanaijua O lakini sharafa hawaijui, kwa hiyo husema "hizi za huku" huku kidole kikizunguka hewani. Afadhali kusema: "Sharafa ziache, mzuzu namba mbili, masharubu yasifike mdomoni." Sekunde tano, na kazi ya kubahatisha imeisha.

Namba ni za kile kitana cha plastiki kinachovikwa mbele ya mashine. Moja huacha milimita 3, mbili huacha 6, tatu huacha 10 hivi, nne huacha 13. Nusu huacha milimita 1.5, yaani kivuli tu. Anza na kubwa kila mara. Ndevu hukua kama sentimita moja kwa mwezi, au zaidi kidogo, hivyo aliyetaka nne akapewa mbili atasubiri zaidi ya wiki mbili kufika alipotaka. Tena kitana kiwe kimeshika sawasawa, maana kikichomoka katikati ya shavu kinaacha shimo, na dawa ya shimo ni kushusha ndevu zote zilifikie.

Wanaofuga kwa kufuata dini wana kipimo cha zamani zaidi kuliko plastiki yoyote. Imepokewa kwamba Abdullah bin Umar, sahaba wa Mtume Muhammad, kwenye hija au umra, alikuwa akizishika ndevu zake kwa ngumi na kukata zinazozidi. Kwa anayefuata njia hiyo nina neno moja la ufundi: zikatwe zikiwa kavu na zimechanwa. Ndevu za kipilipili zikilowa hurefuka, ukikata hapo zikikauka zinajikunja na ngumi haijai tena.

Mstari wa shingoni ndio unaoharibiwa zaidi. Wengi huupandisha hadi kwenye mfupa wa taya wakidhani ndiyo usafi. Matokeo yake nyama ya chini ya kidevu inaonekana yote, na baada ya siku mbili ndevu mpya zinajaa pale palipoachwa wazi. Weka vidole viwili juu ya kikoromeo; hapo ndipo katikati ya mstari. Kisha upinde kwa ulaini kuelekea nyuma ya kila sikio. Kichwa kiwe wima, si kimeinuliwa, kwa sababu ukiinua kidevu ngozi inavutika, na kidevu kikishuka mstari haukai pale ulipouchora.

Mashavuni, adui ni kusawazisha. Upande wa kulia umeshuka kidogo, basi kushoto unashushwa; kushoto umezidi, kulia unafuata. Raundi tatu za namna hiyo na sharafa imekuwa uzi. Masikio ya watu wengi hayako kimo kimoja, hivyo ukipima kutoka sikioni utaipinda kazi. Pande zote mbili zichorwe kwanza, mteja ajitazame kwenye kioo, ndipo wembe uguse. Na ukiniuliza mimi, mashavuni ondoa zile zilizopotea njia tu, mstari wa asili uachwe.

Sasa vipele, ambavyo wengi hudhani vinaletwa na uchafu wa mashine. Uchafu una sehemu yake, lakini vipele vingi vya ndevu husababishwa na nywele yenyewe. Kinyweleo chetu sisi wenye nywele za kipilipili, yaani kitundu nywele inamoota, kimepinda, nywele nayo inapinda. Ikikatwa karibu mno na ngozi hubaki na ncha kali kama sindano, inajikunja na kuichoma ngozi upya. Ikivutwa na kukatwa chini ya ngozi, inatoboa ukuta wa kinyweleo bila hata kutoka nje. Kwa hiyo kuvuta ngozi, kunyoa kinyume na uelekeo wa nywele na kurudia palepale mara tano ndiyo mambo yanayoleta vipele. Wahenga waliosema mwenzako akinyolewa zako tia maji walikuwa na lao, ila kwenye wembe lichukue neno kwa neno: maji ya uvuguvugu dakika mbili au tatu hulainisha nywele, na wembe haulazimiki kuparuza.

Vikishatoka, acha kunyoa wiki nne hivi. Baadaye tumia mashine yenye kitana, ubakishe angalau milimita moja. Nywele iliyojikunja iinuliwe kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti, isichomolewe, maana ikichomolewa itaota tena ikianzia chini na kutoboa upya. Wapo wanaokimbilia poda ya kunyolea, ile inayonuka kama yai viza. Inayeyusha nywele na kuacha ncha butu, kwa hiyo inasaidia kweli, lakini inaunguza pia: fuata dakika zilizoandikwa kwenye kopo, na usiirudie kila baada ya siku mbili. Mwenye makovu yanayovimba na kupanda juu ya ngozi asijaribu lolote kati ya haya kabla ya kumwona daktari wa ngozi.