Kikoi cha Pangani Garderobuni

Ilikuwa Voronezh, mji wa Urusi ya Kisovieti, majira ya baridi ya mwaka 1986. Tulikuwa bado kwenye mwaka wa maandalizi, ule ambao mwanafunzi mgeni hasomi kitu ila Kirusi: asubuhi Kirusi, mchana Kirusi, usiku anaota kwa Kirusi kibovu. Mwalimu wetu wa lugha akatukatia tiketi za baleti kwenye jumba la opera, pale Uwanja wa Lenin. Alituonya jambo moja tu: tuwahi, kwa sababu ya garderobu.

Neno tulikuwa tumeshalisoma. Katika kitabu chetu garderobu lilikuwa kabati la nguo, limechorwa kati ya kitanda na dirisha. Sasa kabati mtu analiwahia nini? Mwenzangu wa chumbani, mtoto wa Pangani, alihisi labda huko huuzwa nguo kwa bei ya chini, akatia rubli kadhaa mfukoni, isije bahati ikampita.

Mwenzangu huyu baridi ilikuwa imemkomoa. Chini ya palto, lile koti zito la baridi, alivaa sweta, na juu ya sweta alijifunga kikoi kuanzia kifuani hadi nyongani, kimekazwa barabara kama mzazi aliyefungwa tumbo. Hakuna aliyekiona maana palto haikumtoka mwilini, hata bwenini.

Tulipoingia ukumbi wa chini nikaona garderobu yenyewe. Kaunta ndefu ya mbao, na nyuma yake safu kwa safu za vyuma vyenye kulabu, makoti yamening'inia mpaka huko mwisho gizani. Kina bibi waliovaa makoti mepesi ya kazi walikuwa wanapokea mzigo wa nguo nzito, wanakwenda nao, wanarudi na kidude chenye namba. Foleni ilikuwa ndefu, lakini Warusi kwenye foleni wametulia kuliko sisi kwenye daladala, kwa hiyo mwalimu alipata nafasi ya kutusomesha hata pale. Garderobu, alisema, ni neno la Wafaransa: kulinda, na nguo. Linaweza kuwa kabati, linaweza kuwa nguo zote alizo nazo mtu, na linaweza kuwa mahali hapa. Shuleni na kwenye michezo watu husema zaidi razdevalka, pahala pa kuvulia. Halafu akatuambia kuhusu Stanislavski, bwana mkubwa wa tamthilia wa Moscow, ambaye mwaka 1933 aliwaandikia barua wafanyakazi wa garderobu ya jumba lake kwamba onyesho linaanza pale mtazamaji anapoingia mlangoni, na wao ndio wa kwanza kumpokea. Ndipo Warusi wakapata msemo wao kwamba tamthilia huanzia kwenye kiango cha makoti.

Nikaupenda msemo ule. Mwenzangu hakuwa anasikiliza. Alikuwa anawatazama watu mbele yetu wakivua.

Zamu yetu ikafika. Bibi wa kaunta akasema, bila kutuangalia usoni: "Razdevaytes."

Tukaganda. Neno hilo tulilisikia mara ya kwanza wiki ile tuliyowasili, kwenye zahanati ya wanafunzi, kutoka kwa daktari mwanamke, na siku hiyo lilitubakisha na chupi tu, tumepangwa mstari kwenye sakafu ya baridi tukingoja kupimwa vifua. Kamusi nayo iliunga mkono: vueni nguo. Mwenzangu akanong'ona kwa Kiswahili, "Hapa? Mbele ya kina mama wote hawa?"

Mwalimu akacheka hadi akajishika ukingo wa kaunta. Mlangoni, akaeleza, razdevaytes ni palto, kofia na skafu. Mwenye nyumba humwambia mgeni neno hilo hilo, na ni neno la ukarimu. Kuingia ukumbini na palto ni utovu wa adabu, na isitoshe hawatakuruhusu.

Mimi nikatoa langu. Bibi akalipindua ukosi, akatafuta kile kitanzi cha kutundikia, akakiona, akaridhika. Koti lisilo na kitanzi lingenipatia karipio, kwa kuwa hana pa kulishikizia kwenye kulabu. Mwenzangu akabaki amekumbatia lake. Foleni nyuma ikaanza kukohoa. Hatimaye akafungua vifungo, na kikoi kikatokea, chekundu na njano, mashada yake yananing'inia kwenye mapaja.

Bibi akaacha kazi. Akamwita mwenzake wa kaunta ya pili aje aone. Akamwuliza kama ni mgonjwa wa mgongo. Tulipomweleza kwamba ni kitambaa cha kwao pwani, watu hukivaa kwa sababu ya joto, alituangalia sana, na haki yake, maana maelezo hayo hayakumsaidia mtu. Akanyoosha mkono. Kikoi kikafunguliwa, kikakunjwa mara nne, kikaingizwa ndani ya mkono wa palto pamoja na skafu. Namba moja kwa vyote.

Baleti ilikuwa nzuri, nadhani. Mwenzangu alitetemeka mpaka mapumziko, kisha akasahau kutetemeka.

Wakati wa kutoka ndipo tuliposulubika. Jumba zima lilimiminika kwenye kaunta zile kwa pamoja, na tukaona watu wenye darubini ndogo mikononi wakitupita na kupokea makoti kwanza. Zile darubini, kumbe, ziliazimwa garderobuni kwa kopeki chache, senti za Kirusi, na aliyekuja kurejesha hakupanga foleni. Mwalimu hakutuambia hilo. Yeye mwenyewe alikuwa nayo.

Bibi alimkumbuka mwenzangu kabla hajatoa namba. Alimkabidhi kikoi kwanza, palto baadaye, akamwamuru akifunge pale pale asije akatoka nje hivyo. "Kaza, sinok," alimwambia, kijana wangu, kaza.

Mwaka ule tulirudi kwenye jumba lile mara nyingi. Kila tulipokwenda mwenzangu aliazima darubini, akaiweka mapajani, na sikumwona hata siku moja akiitia machoni.