Nilipiga Windows upya, ugonjwa ukarudi siku ya tatu

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro: fotokopi, printa, na laptopu moja ya mtumba yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya programu zilizofunguliwa) ya GB 4 na diski ya zamani, ile inayozunguka. Kazi karibu zote zinapita kwenye kivinjari cha Chrome: maombi ya mikopo ya chuo, namba za malipo ya serikali, CV za watu, viambatisho vya WhatsApp vya kuprinti. Msimu wa maombi mwaka jana laptopu hiyo ilinitia aibu mbele za watu.

Asubuhi ilikuwa nyepesi. Ikifika saa tano, naandika jina la mteja na herufi zinatokea moja moja kama zinapanda Uluguru. Mama mmoja aliyemleta binti yake kujaza fomu alikaa kwenye benchi dakika arobaini nzima.

"Mwanangu, tukaangalie kwingine?"

"Mtandao tu leo mzito, mama. Vumilia kidogo."

Nilimdanganya bila kujua. Kitu chochote kikichelewa kwenye kompyuta sisi tunausingizia mtandao, wakati herufi unazoandika kwenye sehemu ya anwani hazisubiri mtandao wowote, zinaandikwa hapo hapo mezani kwako. Mtandao ukiwa mbovu, ukurasa unachelewa kuja lakini mshale na herufi vinakwenda vizuri. Hilo lingenichukua dakika moja kulipima. Mimi nikanunua bando mara mbili.

Baada ya bando nikafuta akiba ya kivinjari, kwa sababu kila mtu anashauri hivyo. Akiba ile inakaa kwenye diski, si kwenye RAM, kwa hiyo nilichopata ni picha na kurasa zilezile kupakuliwa upya kwa pesa yangu. Kisha nikaweka programu ya "kusafisha RAM". Hiyo iliniharibia zaidi: inavisukuma vitu nje ya RAM kwa nguvu, sekunde chache baadaye Chrome inavihitaji, vinarudishwa, na diski inakoroma.

Fundi wa jirani akaniambia, "Dada, hii tuipige Windows upya tu, utaniambia." Shilingi 20,000. Simlaumu, kazi aliifanya safi, na siku mbili mashine ilikuwa kama imetoka dukani. Sikuweka programu hata moja. Nilichofanya ni kuingia kwenye akaunti yangu ya Chrome ili alamisho na nywila zangu zirudi. Siku ya tatu, saa tano, herufi zikaanza kupanda mlima.

Hapo ndipo nilipoacha kubahatisha. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ikafunguka orodha ya Windows ya programu zinazofanya kazi. Kumbukumbu imejaa asilimia 94, diski asilimia 100. RAM ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya vitu kwenye faili la diski na kuvirudisha vikiitwa, na kwa diski ya kuzunguka safari hizo ni ndefu mno. Ule mkoromo niliokuwa nausikia ndio huo.

Kwenye orodha ileile Chrome ilijitokeza zaidi ya mara ishirini. Nilishtuka, nikidhani ni virusi, kumbe ndivyo ilivyojengwa tangu ilipotoka mwaka 2008: kurasa zinagawanywa katika michakato tofauti, yaani vipande vya programu vinavyojitegemea, ili mmoja ukianguka usiangushe mingine. Mwaka 2018, baada ya dosari ya Spectre kugunduliwa kwenye prosesa, Google wakaitenga kila tovuti na mchakato wake, na wenyewe walisema utengaji huo unaongeza matumizi ya kumbukumbu kwa takriban asilimia 10 hadi 13. Nywila na namba za vitambulisho vya wateja wangu zinapita humo, kwa hiyo gharama hiyo nailipa bila kinyongo.

Ila Windows inakuonyesha "Chrome, Chrome, Chrome" bila kukuambia nani ni nani. Wa kukuambia ni Chrome yenyewe: ukiwa ndani yake bonyeza Shift na Esc. Inafunguka orodha yenye majina, kila tabu, yaani ukurasa uliofunguliwa, na kila kiendelezi, ile programu ndogo ya nyongeza inayopachikwa kwenye Chrome. (Chrome ikiwekwa Kiswahili, tabu inaziita vichupo. Dukani kwangu ni tabu, na siku ile nilikuwa nazo kumi na nne.) Nikapanga kwa kumbukumbu, kubwa juu. Aliyekaa juu hakuwa barua pepe wala ukurasa wa mikopo. Kilikuwa kiendelezi cha kugeuza nyaraka kuwa PDF, nilichokiweka miaka miwili nyuma kwa ajili ya mteja mmoja.

Nikaandika nyuma ya risiti: saa 4:10, MB 610. Saa 4:40, MB 790. Saa 5:15, imevuka GB 1. Muda wote huo hakuna aliyekigusa. Ukubwa peke yake haukunisumbua sana, maana ramani au video nayo hula. Kinachokua bila kufanya kazi ndicho kinachovuja, yaani kinachukua kumbukumbu bila kuirudisha.

Kuhakikisha, kesho yake nilifunga madirisha yote nikafungua Chrome kama mgeni, hali ambayo haina kiendelezi hata kimoja. Nywila niliandika kwa mkono kutwa nzima, lakini hadi jioni hakukuwa na mkoromo.

Basi nikaelewa shilingi 20,000 zilikwendaje. Viendelezi vinaifuata akaunti. Fundi alifuta kila kitu, mimi nikaingia, na mgonjwa akahamia nyumba mpya pamoja na ugonjwa wake. Nilikuwa na viendelezi kumi na kimoja, ninachokitumia ni kimoja. Nimevitoa kumi, na kwa kuwa usawazishaji (sync) wa Chrome na akaunti ulikuwa umewashwa, vimeondoka na kwenye akaunti.

Kwenye mipangilio ya utendaji nikawasha pia kiokoa kumbukumbu, kinacholaza tabu zisizotumika. Ukurasa wa mikopo nimeuweka kwenye orodha ya zisizolazwa, maana fomu ya mtu iliyojazwa nusu siichezei bahati. GB 4 bado ni kidogo, hilo sibishi. Januari fundi yuleyule alifungua laptopu, akakuta nafasi ya RAM iko wazi, tukaongeza GB 4 nyingine.

Wiki iliyopita yule mteja wa PDF amerudi na barua yake. Nimebonyeza Ctrl na P, nikachagua kuihifadhi kama PDF, ikatoka. Chrome ilikuwa na uwezo huo siku zote.