Bustani ya mboga na mbwa mzee: namna nilivyoupanga uwanja

Mbwa mzee hushika njia zake. Njia aliyozoea kupita kutoka barazani hadi getini, na kutoka getini hadi kivulini, ataendelea kuipita hata macho yakififia na nyonga zikikakamaa. Tuta likiwa katikati ya njia hiyo, atalipanda tu. Kwa hiyo nilipoipanga upya bustani yetu ya mboga hapa Arusha, nilianza na njia za mbwa wetu Simba, kisha ndipo nikaja kwenye matuta. Simba ana miaka 12 na kilo 25, na mbwa wa ukubwa huo huanza kuhesabiwa mzee akifika miaka 8 au 9.

Njia huonekana vizuri asubuhi baada ya mvua, nyayo zinapokuwa zimejichora kwenye tope. Chomeka vijiti pande zote mbili za nyayo, vuta kamba, acha upana wa sentimita 70. Mtu na ndoo yake wanapita kwenye sentimita 40 bila shida, lakini mbwa mwenye nyonga mbovu hawezi kugeuka papo hapo. Hugeuka kama lori, kwa kuzunguka, na njia ikiwa nyembamba miguu ya nyuma huishia kwenye mchicha. Matuta yawe na upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka upande wowote, na kimo cha sentimita 20 hadi 25. Kingo nimezishika kwa mabanzi. Misumari inayochomoza ipigwe ikalale, na pembe za tuta zikatwe ziwe mviringo, maana mbwa asiyeona vizuri hujigonga kwenye pembe.

Juu ya njia nimetandaza maranda ya mbao isiyotiwa dawa, unene wa sentimita 5 hadi 7, na huyaongeza kila masika yanapokwisha. Kokoto sizitaki, huumiza nyayo na kukwama katikati ya vidole. Maganda ya kahawa yanapatikana kwa wingi huku kwetu na ni matandazo mazuri, lakini yana kafeini, na kafeini ni sumu kwa mbwa. Penye mbwa anayetafunatafuna vitu vya chini, yaacheni.

Baraza letu lina kimo cha sentimita 45. Badala ya ngazi niliweka ubao wa kupandia wenye urefu wa sentimita 150 na upana wa 40. Mwinamo wake ni kama nyuzi 17, na mbwa mwenye yabisi ya viungo anaupanda bila kurukaruka. Ubao mfupi zaidi utakuwa mkali mno. Juu yake piga vipande vyembamba vya mbao kila baada ya sentimita 20, kisha funika kwa gunia la katani lililokazwa kwa misumari bapa. Yanaharibika mambo mawili. La kwanza, ubao wa inchi moja hubonyea katikati, na mbwa akiusikia unacheza hatarudi tena. Weka kigogo cha kuuegemeza chini, katikati. La pili, ncha ya chini huteleza mvua ikinyesha, kwa hiyo ifukie sentimita 10 ardhini. Kumfundisha usimvute kwa kamba. Weka vipande vya maini kuanzia chini kwenda juu, umwache apande kwa hiari yake.

Ndani ya nyumba shida ni ile ile ya kuteleza. Vigae na sakafu ya saruji iliyong'arishwa humfungua miguu. Mikeka ya mpira kwenye mapito yake inatosha, pamoja na kumkata makucha kila wiki mbili au tatu, maana mbwa asiyetembea sana hayasagi.

Sasa matuta. Kinachomvuta mbwa kuchimba ni harufu, na harufu mbaya zaidi kwa bustani ni ya unga wa dagaa, damu, mifupa na samadi ya kuku ambayo haijaoza. Vyote hivyo nimeviondoa. Natumia samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majani na kugeuzwageuzwa kwa miezi mitatu, mpaka inanukia udongo. Baada ya kupanda, nalaza wavu wa kuku juu ya tuta, nimeukata matundu ya miche na kuukandamiza kwa mawe. Kwa sukuma wiki matundu yako sentimita 45 kwa 60. Baada ya wiki tatu hivi, miche ikishashika, wavu unatoka kabla majani hayajanasa.

Sababu ya pili ya mbwa kulala juu ya tuta ni joto. Tuta lililomwagiliwa ni baridi, naye anajua. Dawa yake ni kumpa mahali pake: shimo la mita 1 kwa 1.2, kina sentimita 15, limejazwa mchanga na kunyunyiziwa maji adhuhuri. Liwe kivulini, lakini si chini ya mparachichi wala mwembe, maana kokwa zake akizimeza huziba utumbo. Letu liko chini ya mgrevilea.

Kwa hatari ya kuziba utumbo, gunzi la muhindi ndilo linalotangulia. Mbwa hulipenda kwa chumvi na mafuta yaliyobaki, hulimeza vipande vikubwa, nalo haliyeyuki. Mbwa mzee anayehitaji kupasuliwa kwa sababu ya gunzi yumo hatarini kweli. Magunzi yetu hutoka mezani moja kwa moja hadi kwenye ndoo yenye mfuniko. Vivyo hivyo majani na maganda ya vitunguu maji na vitunguu swaumu, ambayo huharibu chembe nyekundu za damu, hata yakiwa yamepikwa. Kwenye uzio niling'oa mbono na mnanaha. Minyaa nayo niliiondoa upande anaopita, kwa sababu utomvu wake huunguza macho, na mbwa asiyeona vizuri hupita akisugua uso kwenye matawi.

Dawa ya wadudu nikilazimika kuipiga, Simba hufungiwa barazani mpaka kesho yake. Sumu ya panya haitumiki uwanjani kabisa, hata ile ya kuwekwa juu, kwa sababu panya aliyekwisha kuila huangukia chini na mbwa akamwokota. Majivu dhidi ya wadudu ni mazuri yakiwa makavu na kidogo. Yakilowana huchubua nyayo.

Kinyesi huokotwa kila siku, wala hakiingii kwenye mboji ya mboga. Mayai ya minyoo mviringo yakitoka hayaambukizi siku hiyo. Yanahitaji wiki mbili na zaidi udongoni ndipo yakomae. Ukiokota kila siku umeukata mzunguko. Ukiacha, mayai hukaa kwenye udongo kwa miaka, na watoto wanaocheza hapo ndio wanaoyameza. Tuna shimo lake lenye kina cha nusu mita, mbali na matuta na maji. Dawa ya minyoo anapewa kila miezi mitatu. Mkojo nao si wa kupuuza: homa ya mgunda, iliyosikika sana mwaka 2022 kule Lindi, huenezwa na mkojo wa wanyama walioambukizwa, panya wakiwemo. Matuta ya mboga za majani nimeyazungushia wavu wa sentimita 40, na mboga huoshwa kwa maji safi yanayotiririka.

Kupe wa kahawia wa mbwa haishi kwenye nyasi tu. Hujificha na kutaga kwenye nyufa za ukuta na mbao za banda, kwa hiyo kufyeka nyasi na kuacha banda ni kazi nusu. Ziba nyufa kwa saruji, kisha kagua mwili kila jioni: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya ukanda wa shingo, chini ya mkia. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute moja kwa moja. Usimwagie mafuta ya taa. Dawa ya kuogeshea yenye amitrazi humlegeza mbwa na kupandisha sukari ya damu, kwa hiyo kwa mbwa mzee muulize kwanza daktari wa mifugo. Ukiona fizi zimepauka, mkojo umekuwa wa rangi ya chai, au amegoma kula, mpeleke siku hiyo hiyo.

Kwa maumivu ya viungo, diklofenaki na ibuprofeni za kabatini zisimguse. Hutoboa tumbo na kuharibu figo. Daktari humwandikia meloksikamu kwa kipimo cha uzito wake, anapewa pamoja na chakula, na anapotapika tunasimamisha na kurudi kwa daktari. Juni na Julai, baridi ya Meru inaposhuka, tunatembea naye dakika 10 asubuhi na 10 jioni kwenye zile zile njia za bustani, badala ya mwendo mmoja mrefu. Analalia godoro la sponji la sentimita 10 lililovikwa turubai, juu yake blanketi la kufuliwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa inaendelea kila mwaka. Uzee haumpi msamaha.

Na pimeni maji anayokunywa. Kipimo cha kawaida ni mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, hivyo kwa kilo 25 ni kama lita moja na robo hadi moja na nusu. Asubuhi jaza lita 3 kwenye bakuli, funika ndoo na mapipa ya kumwagilia yote, kesho yake pima yaliyobaki. Akipita lita mbili na nusu kwa siku bila joto kali, huenda ni figo au kisukari, na kwa jike asiyefungwa kizazi, wiki chache baada ya kipindi chake cha kutaka dume, huenda ni usaha kwenye mji wa mimba. Huo hausubiri, mpeleke kwa daktari siku hiyo, na umpelekee pia hesabu ya maji uliyoiandika.