Nilivyofunga paneli nane za sola juu ya slabu bila kuitoboa

Juu ya paa bapa mimi huanza na upepo, jua linafuata. Paneli ya wati 550 ina urefu wa sentimita 228 na upana wa sentimita 113, karibu mita za mraba 2.6, lakini uzito wake ni kilo 28 tu. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, kwa hewa ya Mwanza iliyo mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, unasukuma takriban kilo 48 kwa kila mita ya mraba. Zidisha upate kilo 125 kwa paneli moja. Upepo ukiingia kwa nyuma, chini ya upande ulioinuliwa, nguvu hiyo inanyanyua. Si kila upepo unafikisha nguvu yote hiyo kwenye kioo, ila kingo na kona za paa hupigwa kuliko katikati, kwa hiyo nachukua hesabu nzima bila kupunguza. Wanaoishi kando ya ziwa wanajua dhoruba inayotangulia mvua inavyofika ghafla.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja, iko kwenye mwinuko wa mawe upande wa Ilemela. Slabu ina mita 13 kwa 10, imezungushiwa ukuta wa ukingo wa mita moja, na tanki la maji liko kona ya kusini-mashariki. Mama mwenye nyumba alitoa sharti moja: "Fundi, sola naitaka, ila slabu yangu usiitoboe, nimeshahangaika nayo ilipokuwa inavuja." Sharti hilo ni la busara. Slabu nyingi hapa zina mabomba ya nyaya za taa yaliyozikwa ndani ya zege, na mara chache utakuta mchoro unaoonyesha yanapita wapi. Drili ikizama sentimita 8 inaweza kukuta bomba au nondo. Na ukishatoboa tabaka la kuzuia maji, mvua inajipenyeza taratibu, inatembea ndani ya zege, halafu doa linatokea darini mbali kabisa na tundu lako, kiasi kwamba hakuna anayejua pa kuziba.

Kwa hiyo paneli zikashikwa kwa uzito. Nilitumia tofali za zege za inchi 6 zisizo na tundu. Moja lina kilo 30 hivi, lakini pima mwenyewe kwa mizani, kwa sababu tofali lililopunjwa saruji na kujaa mchanga huwa jepesi, na baada ya misimu miwili ya mvua linaanza kumeguka. Kila paneli ilipata manne, kilo 120. Jumlisha paneli kilo 28 na chuma chake kilo 24, unapata kilo 172, zaidi ya zile 125 za upepo. Ukigawanya kwa eneo lote pamoja na njia ya kupita, slabu inabeba kilo 44 kwa mita ya mraba. Slabu iliyojengwa ili watu watembee juu yake kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 kwa mita ya mraba ukiacha uzito wake yenyewe. Hata hivyo mzigo mzima ni karibu tani 1.4, na mhandisi alipitia mchoro wa nondo kwanza ndipo tofali la kwanza likapanda. Hatua hiyo usiiruke, hasa kwa nyumba ambayo slabu ilimwagwa kwa makadirio ya fundi.

Kuhusu jua, watu wengi wa Mwanza wanafuata maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za mbali, wanainua paneli nyuzi 30 na kujitafutia balaa la upepo bure. Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba jua linapita utosini. Juni linakuwa nyuzi 26 kaskazini mwa utosi saa za mchana, Desemba limehamia kusini nyuzi 21. Kwa mavuno ya mwaka mzima paneli ingetosha kulazwa karibu bapa. Tatizo la kuilaza bapa ni uchafu: vumbi, na wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi, wakifa juu ya kioo wanaganda na kugeuka tope. Nyuzi 10 zinatosha maji ya mvua yateremke na kuosha, na umeme unaopotea ni mdogo mno. Nikaziinamisha nyuzi 10 kuelekea kaskazini.

Usiiamini dira ya simu juu ya slabu, nondo zinaipotosha. Simamisha kijiti wima kwa timazi, tia alama ncha ya kivuli kila baada ya dakika chache; kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kinachoonyesha kaskazini na kusini. Hapa kinatokea kati ya saa 6 na nusu na saa 7 mchana, kwa kuwa saa zetu zimepangwa kwa jua la mashariki zaidi.

Kivuli cha vitu vilivyo juu ya paa kinataka umakini kuliko pembe. Karibu na ikweta hakuna upande salama wa kudumu: kitu kilicho kaskazini mwa paneli kitakusumbua Juni, kilicho kusini kitakusumbua Desemba. Lile tanki lina kimo cha mita 1.6. Mwishoni mwa Desemba, saa 3 kasorobo asubuhi, kivuli chake kinafika mita 1.3 kuelekea kaskazini na mita 2.7 kuelekea magharibi. Eneo hilo nililichora kwa chaki na kuliacha wazi. Ukuta wa mashariki nao, wakati huohuo, unatupa kivuli cha mita 1.7, ila paneli zikiwa zimeinuliwa kidogo kinachozifikia ni pungufu, kwa hiyo niliacha mita 1.5 mashariki na hivyohivyo magharibi. Nafasi hiyo pia inazitoa kwenye kingo zenye upepo mkali. Kati ya safu mbili za paneli, kivuli kilihitaji sentimita 19 tu. Niliacha 60 ili mtu apite na ndoo na brashi.

Paneli nimezilaza kwa ubavu, urefu wake ukienda mashariki–magharibi. Ndani ya paneli ya aina hii mna mafungu matatu ya seli yanayokwenda kwa urefu, kila fungu lina diodi yake, yaani kijinjia cha umeme kulikwepa fungu hilo likizibwa. Tope huwa linajikusanya kwenye ukingo wa chini wa fremu. Paneli ikilala ubavu, mstari huo wa tope unaziba fungu moja, unapoteza theluthi. Ikisimama, mstari uleule unagusa mafungu yote matatu kwa mkupuo.

Chuma ni cha pembe, milimita 40 kwa 40, unene 4, kilichopakwa zinki. Kila paneli inakalia fremu mbili zenye mguu wa mbele sentimita 15 na wa nyuma 35, zikiwa sentimita 50 kutoka kila ncha ya paneli. Sentimita 15 za mbele si za kupunguza: fagio lipite, maji yapite, hewa ipite, kwani paneli ya kawaida hupoteza karibu asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi ya joto juu ya 25, na slabu ya mchana inachoma. Fremu 16 zilikula mita 44, na vyuma virefu viwili vya kuunganisha kila safu vikala mita 37. Vipande vya mita 6 nilinunua 15. Palipochomelewa, zinki inaungua. Sugua kwa brashi ya waya, paka rangi ya zinki mara mbili, usiache hata kitako cha mguu. Bahati yetu ziwa ni la maji baridi, hakuna chumvi inayokula vyuma kama pwani, lakini unyevu upo na kutu itaanza hapohapo pa kuchomelea.

Vile vyuma virefu vinapita juu ya vitako vya fremu, sentimita 40 kutoka kimoja hadi kingine, nusu ya nyuma. Tofali linalazwa kuvuka vyote viwili, kwa sababu ni nyuma ndiko upepo unakonyanyulia. Chini ya kila kitako nimeweka vipande viwili vya mpira wa tairi, unene wa sentimita 1. Vinazuia chuma kukwaruza tabaka la kuzuia maji, vinazuia safu kuteleza slabu ikilowa, na vinaacha upenyo maji yafike kwenye mashimo ya kutokea.

Mpangilio wa kazi una maana yake: fremu, vyuma virefu, tofali zote, paneli mwisho. Wanaoanza na paneli ili waone kama zimekaa vizuri, wakisema tofali zitaletwa kesho, wanaziacha usiku mzima zikiwa tanga. Paneli tulizipandisha asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaamka, watu wawili kwa kila moja, zikisimama wima ndani ya mkanda. Usibebe kichwani na usikanyage kioo. Seli zinapasuka ndani bila kuonekana.

Kila paneli ina klampu nne, mbili ukingo wa juu na mbili wa chini, jumla 32. Boliti ni za chuma cha pua, na kati ya alumini na chuma cha zinki nimeweka kipande chembamba cha mpira, isipokuwa kwenye sehemu za ethi, yaani njia ya kupeleka umeme wa hatari ardhini. Nguvu ya kukaza iko kwenye karatasi ya paneli; zangu zilitaka Nm 14, nikakaza kwa spana ya kupimia. Kukaza kwa hisia ya mkono kunapinda fremu au kunaacha klampu legelege.

Paneli nane kwa mfululizo, kila moja volti 49.8 bila mzigo, zinafika volti 398, na asubuhi ya baridi zinapanda kama asilimia 3. Inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, inapokea hadi 500, kwa hiyo kuna nafasi. Waya ni wa sola wa milimita za mraba 4, mita 20 hadi kwenye inveta, upotevu chini ya asilimia 1. Chanya na hasi zimefungwa pamoja njia yote, kwa sababu zikiachana na kufanya duara kubwa, radi ya jirani inazalisha volti ndani ya duara hilo hata kama haijapiga nyumba. Waya umetoka kupitia ukuta wa ukingo, ukapinda chini kabla ya kuingia ndani ya bomba, maji yadondokee nje. Konekta ziwe za mtengenezaji mmoja, dume na jike. Zikichanganywa huingiana vizuri tu, halafu zinapata moto ndani kwa ndani. Na usichomoe konekta mzigo ukiwa unakwenda. Umeme wa paneli (DC) wa volti 400 ukikatwa hivyo unaendelea kuwaka hewani kama cheche.

Ethi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kwenye milima yetu. Ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi sana, na ethi rodi ya mita 1.2 inagonga mwamba ikiwa imezama robo. Mafundi wengine wanaikata kwa grinda, wanafukia kilichobaki na kuondoka. Huo ni uuaji. Sisi tulichimba mtaro wa mita 12 kando ya ukuta wa chini, palipo na udongo, kina sentimita 60, tukalaza waya wa shaba mtupu wa milimita za mraba 25, tukapigilia rodi tatu kwa kuinamisha kwenye nyufa zenye udongo, tukafunika kwa bentonaiti, udongo unaotunza unyevu, kisha mfinyanzi uliochekechwa mawe. Chumvi sikutia, mvua inaiosha na shaba inaliwa. Kipimo cha ethi kilisoma ukinzani wa ohm 7 (ukiwa mdogo ndiyo bora), na nilikipima kiangazi, wakati udongo ni mkavu. Fremu zote za paneli zimeungwa kwa washa zenye meno, zinazotoboa ganda la alumini, zikashuka kwa waya wa milimita za mraba 16 hadi kwenye ethi ileile ya nyumba. Ethi mbili zisizoungana ni hatari: radi ikipiga, volti kati yake inapita kwenye inveta.

Kuosha ni alfajiri, kioo kikiwa baridi, kwa maji matupu na brashi laini. Kinyesi cha korongo kisingoje mvua, kinaziba seli na kuifanya ipate moto. Baada ya mvua kubwa za mwanzo panda ukaze klampu upya, uangalie kama kuna tofali lililosogea, na uondoe majani kwenye mashimo ya maji chini ya safu.