Jodari Sita

Shangazi yangu alikuwa akikaanga samaki na kuwauza jioni mbele ya nyumba yake, kaskazini mwa Unguja. Agosti 2008 aliteguka mguu, nami nilikuwa nyumbani kwa likizo, nasoma uchumi mwaka wa pili. Akafungua pindo la kanga, akanihesabia shilingi 80,000. "Nenda diko mwanangu, kaninunulie. Utazame, usikimbilie."

Nilikwenda huko diko, pwani samaki wanaposhushwa na kunadiwa, nikijiamini. Muhula ule tulikuwa tumesoma nadharia ya michezo, hesabu ya watu ambao uamuzi wa mmoja humgusa mwenziwe, ile ya majedwali: kila mchezaji ameandikiwa atapata nini akifanya hivi au vile, na kila mmoja anaiona karatasi ya mwenziwe. Nikadhani mnada nao ni jedwali, refu kidogo tu.

Juu ya jamvi walilazwa jodari sita, wanene, migongo inameta. Mnadi alianzia 40,000. Mzee mmoja, mchuuzi wa miaka mingi, alikuwa akipandisha kwa kunyanyua kidole tu. Ilipofika 55,000 alichuchumaa, akamfunua shavu jodari wa chini, akanusa kidole chake, akasimama. Hakusema kitu. Mama aliyekuwa kando yake akamtupia jicho, akajifunga kanga upya, naye akanyamaza. Mimi nikaona njia imefunguka. Nikasema sitini. Kijana mmoja mgeni akasema sitini na tano. Nikasema sabini. Kimya. Nikapata, na moyo ukanidunda kwa furaha.

Shangazi alikuwa barazani, mguu juu ya mto. Hakuuliza bei. Aliuliza: "Nani waliacha, na waliacha vipi?" Nikamweleza. Akampapasa jodari wa kwanza, mzima. Wa pili, mzima. Wa tatu alipombonyeza kwa kidole gumba, shimo lilibaki palepale kwenye nyama, na mashavu yake yalikuwa ya rangi ya udongo. Wanne walikuwa wamekaa muda mrefu bila barafu. Jodari wa namna hiyo, hata umkaange akauke kama ubao, humwasha mlaji mdomo na kumtoa vipele; moto hauiondoi sumu ile. Aliwatupa wote wanne, na fedha ile ndiyo ilikuwa mtaji wake.

"Yule mzee alikuambia," akasema taratibu. "Kunyamaza kwake ndiko kusema kwake. Wewe ukadhani kakupisha."

Muhula uliofuata nilikutana na jina la John Harsanyi, Mhungaria aliyesomea ufamasia Budapest kabla ya kuhamia kwingine. Mwaka 1967 na 1968 alichapisha makala ya sehemu tatu juu ya michezo ambayo mchezaji hajui mwenziwe ameshika nini. Chukulia, alisema, kwamba kabla ya mchezo kuanza kila mtu amegawiwa aina yake kama karata: yako unaiona, ya mwenzio unaikisia, na kila atendalo linakulazimu ukisie upya. Mwaka 1994 alipata Nobeli ya uchumi pamoja na John Nash na Reinhard Selten. Nikasoma pia habari za wahandisi watatu wa mafuta wa Marekani. Hao waliandika mwaka 1971 kwamba kampuni zilizoshinda zabuni za vitalu vya kuchimba mafuta katika Ghuba ya Meksiko zilikuwa zikiambulia kidogo kuliko zilivyotarajia, kwa sababu anayeshinda ni yule aliyekisia juu kuliko wote. Ushindi wenyewe ni habari mbaya. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu, nikikiona kidole cha yule mzee kikielekea puani. Mpaka leo naamini somo lile lingefaa kuanzia hapo, maana karatasi ya mwenzio huioni karibu popote.

Lakini shangazi hakuningojea nisome. Wiki moja baada ya wale jodari alishika mkongojo, tukaenda diko pamoja. Kulikuwa na nguru watatu waliotoka kwenye boti ambayo sanduku lake lilikuwa bado likichuruzika maji ya barafu. Aliwatazama mara moja tu akipita, akaninong'oneza: "Hawa wanunue wewe. Mimi wananijua." Kisha akaenda upande wa pili, akawageuzia watu mgongo na kuanza kubishania bei ya pweza kwa sauti.

Nikaanza kupandisha. Yule mzee alimtafuta shangazi kwa macho, akauona mgongo wake, kisha akaniona mimi, kijana wa jodari. Kidole chake kikashuka. Wengine walikuwa wakimwangalia yeye. Nguru watatu walinifikia kwa 45,000.

Nilipokuwa nawapakia kwenye beseni alinijia, nikamwamkia. Akaitikia, akainama, akafunua shavu la nguru wa juu. Jekundu. Aliinua macho taratibu, akatazama kule mchangani alikosimama shangazi na mkongojo wake.

"Kumbe leo ulikuja naye," akasema.